Ng'ombe wa Masanja Walivyopita Bustanini

Nyie mnaoanza kazi hii leo mmekabidhiwa buti za mpira na simu ya kupigia picha mashimo. Sisi tulikabidhiwa fyekeo, ndoo, na neno moja: angalieni. Tuangalie nini, hakuna aliyetuambia. Mimi ilinichukua zaidi ya nusu ya utumishi wangu kulijua jibu, na aliyenifundisha hakuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma ambaye nilitaka ashitakiwe.

Nitawafikisha huko. Kwanza mjue mnaongea na nani. Naitwa Mama Tekla, nakaa Makanyagio, na nilikuwa msimamizi wa bustani na viwanja vya michezo hapa Mpanda mpaka nilipostaafu. Watu walidhani kazi yangu ni kumwagilia maua. Ukweli ni kwamba kulikuwa na kamati ya bustani, watu wazima wenye shughuli zao, na mimi ndiye niliyekuwa macho na miguu yao. Wao waliamua bembea ipi ing'olewe kabla haijamvunja mtoto mkono, benchi liwekwe wapi, uwanja upi wapewe vijana wa bodaboda Jumamosi jioni na upi wapewe wasichana wa mpira wa pete. Mimi nilizunguka kwa baiskeli, nikaona, nikaandika taarifa. Nikiona vibaya, wao wanaamua vibaya. Shikeni hilo.

Na niliona vibaya mara nyingi. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza kibao kizuri kilichoandikwa USIKANYAGE NYASI, nikakisimika katikati ya uwanja wa vumbi, maana nilipanga kupanda ukoka mvua zikianza. Bibi mmoja akapita na beseni lake la dagaa kichwani, akasimama, akakisoma kibao mpaka mwisho, akaangalia chini kulia, akaangalia chini kushoto. Akaniuliza kwa upole nyasi zenyewe ziko wapi, ili asije akakosea. Niliking'oa kibao siku hiyohiyo.

Aliyenisaidia kupunguza mambo kama hayo ni Mzee Laurenti. Huyu alikuwa mtunza bustani wetu mkongwe, wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia kwenye mashamba ya Katumba kabla ya kuja mjini. Mikono yake ilikuwa kama mizizi ya mjohoro. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchimba mashimo ya miche wakati wa kiangazi ili jua liue wadudu, kuweka majivu chini kabla mchwa hawajajua kuna karamu, na kumwagilia alfajiri kwenye shina, siyo adhuhuri kwenye majani. Na yeye ndiye aliyenizuia kutengeneza njia za bustani kwa rula. Kila nilipochora njia iliyonyooka alitikisa kichwa. Alisema eneo jipya liache msimu mzima bila kuligusa. Wewe kaa tu, uone watu wanapita wapi. Pale miguu ilipokwisha chora, ndipo uweke kokoto. Nilimsikiliza, na tangu hapo njia zangu hazikuachwa na watu wakakatiza kwenye maua.

Sasa njooni Ilembo.

Kule Ilembo nyumba na mashamba vimechanganyika, ukitoka sebuleni kwa mtu unakanyaga mahindi. Kamati ilipata eneo kubwa la wazi, ikaamua liwe bustani na kiwanja cha mpira. Nilipokwenda kulitazama mara ya kwanza nilikuta limekatwa na ukanda mpana wa ardhi tupu, kutoka juu barabarani mpaka chini kwenye kijito. Nilijua ni njia ya ng'ombe, samadi ilikuwa imejaa. Nikajisemea, hii ni ya mifugo inayozurura, na hapa kuna mbolea ya bure. Sikukaa msimu mzima. Sikukaa hata wiki. Miguu ya watu niliiheshimu, kwato sikuziweka kwenye hesabu. Nikazungusha seng'enge eneo lote, na katikati ya ukanda ule nikapanda miche yangu bora: mikrismasi, mijohoro, na mininga michache niliyoilea kwenye viriba kwa mikono yangu.

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuta seng'enge imelala chini na miche imesagwa. Pembeni ya nguzo iliyong'oka alikuwa ameketi mzee mrefu, mweusi, mwenye shuka begani, amekishika kichwa cha ng'ombe jike. Ng'ombe yule alikuwa amechanwa kifuani na waya, na damu ilikuwa inamtoka. Mzee alikuwa anamkanda jeraha kwa majani aliyoyatafuna. Alinisalimia kwanza. Nami nilikuwa nimeshafura kwa hasira, nikamuuliza kwa nini ameingiza ng'ombe wake kwenye bustani ya watu.

Hakupandisha sauti. Alisema, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, ng'ombe hawajaingia bustanini. Bustani ndiyo imeingia njiani."

Nilimwambia hayo atayaeleza kwenye kamati. Akaitikia kwamba sawa, jina lake ni Masanja, boma lake liko kule juu, nikimhitaji nitamkuta. Kisha akarudi kwenye jeraha la ng'ombe wake kama vile mimi nimeshaondoka.

Kamati iliposikia ilichachamaa. Mmoja alitaka seng'enge nene zaidi. Mwingine alitaka ng'ombe wakamatwe. Mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu asiyependa makelele, akasema tusubiri taarifa ya maandishi ya Mama Tekla, halafu tutaamua. Nikaondoka na uzito huo mabegani. Yule mzee na mifugo yake, kupita au kutopita, vilikuwa vimekaa kwenye kalamu yangu.

Nilikuwa nimeshaandika nusu ya taarifa, kali kama pilipili, Mzee Laurenti alipoingia kuchukua reki. Akaniona ninavyoandika kwa nguvu, akauliza ni kitu gani. Nikamsomea. Alisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ulikaa msimu mzima?"

Nikaifunga kalamu. Aibu ile, wanangu, niliisikia masikioni.

Kesho yake nilikwenda kwa Masanja. Boma lake lilikuwa la miti iliyopangwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Alinipokea binti yake, Kabula, mama wa watoto wanne aliyerudi kumtunza baba yake baada ya mama yake kufariki. Kabula hakufurahi kuniona na hakuficha hilo. Alinipa kigoda, akaniambia yule ng'ombe aliyechanwa ndiye kiongozi wa kundi, wanamwita Bibi, na kama angekufa wengine wasingejua pa kwenda. Nilimwomba radhi. Nilikuwa sijawahi kumwomba mtu radhi kwa sababu ya ng'ombe.

Masanja alisikiliza, akaniambia kama nataka kujua njia nije alfajiri tutembee. Maneno hayataniambia kitu.

Nilikwenda. Ilikuwa baridi ya kiangazi, ile inayouma vidole. Alifungua lango la boma, akasimama pembeni, akafumba macho. Ng'ombe wakaanza kutoka, zaidi ya mia, kwato zinagonga ardhi kavu, vumbi linapanda, mimi nimeshika khanga mdomoni. Walipomalizika alibaki amefumba macho, kisha akamwambia Kabula, "Mwekundu wa pembe moja hajapita." Kabula akaingia bomani na kumkuta amelala nyuma ya zizi la ndama. Nilimuuliza Masanja alihesabuje akiwa hatazami. Alinishangaa. Alisema hakuhesabu. Kila mmoja ana mguu wake, kama wewe unavyojua hatua za mtoto wako akitoka shuleni.

Tukatembea. Bibi alikuwa mbele, na kidonda chake kimepakwa majivu na mafuta, hana haraka. Masanja alikaa nyuma kabisa. Fimbo alikuwa nayo lakini ilikaa begani safari nzima. Kazi yote aliifanya kwa mluzi. Kulikuwa na mluzi mmoja mfupi, wote wakapunguza mwendo. Kulikuwa na mwingine mrefu unaoshuka, na hapo nikaona jambo ambalo mpaka leo nikilieleza natafuta maneno: kundi lote, lililokuwa limetanda upana wa uwanja wa mpira, likaanza kujikunja lenyewe kuelekea katikati, ubavu kwa ubavu, wanakuwa wembamba, wanakuwa wembamba zaidi, mpaka wakapita kati ya shamba la mtu na ukuta wa nyumba ya mtu kama uzi unavyoingia kwenye tundu la sindano. Upande mmoja mahindi makavu yalikuwa yamesimama. Upande wa pili mama alikuwa anaanika nguo. Mama yule hata hakugeuka. Alikuwa amezoea.

Nilisimama. Nimekulia mkoa huu, nimeona tembo wakivuka barabara na viboko wakigombania dimbwi, lakini sikuwahi kuona wanyama wengi hivyo wakimsikiliza mtu mmoja aliye nyuma yao.

Tulipofika kwenye uwanja wangu, Masanja alinionyesha kitu kingine. Aliniambia nichimbe kwa kisigino nje ya ukanda. Kisigino kikazama, udongo mweusi wa mbuga. Akaniambia nichimbe kwenye ukanda. Kisigino kikagonga changarawe. Hapo ndipo nikaelewa. Mvua zikija, pande zote mbili zinakuwa matope ya kuzamisha mnyama mpaka magotini, na ule mgongo mwembamba wa changarawe ndiyo njia pekee ya kufika majini. Nikamuuliza nani aliugundua. Akaniambia siyo yeye. Alipokuja kutoka kaskazini akiwa kijana, kukiwa bado pori, aliwaachia ng'ombe, wao wakautafuta. Aliyetangulia alikuwa wa ukoo wa Bibi, vizazi vingi nyuma.

Kumbukeni mimi nilikuwa na ramani ya eneo lile ofisini, yenye rangi. Haikuonyesha changarawe.

Nikaichana ile taarifa. Nikaandika nyingine, nusu ukurasa, kuiomba kamati ije Ilembo ione kwa macho kabla ya kuamua. Nilipanda miche mipya pande mbili za ukanda, bila waya wowote, nikachora mistari ya chokaa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba mche mmoja ukivunjika, njia ifungwe, nami nihamishwe kazi. Hapo nilikuwa nimejiingiza mwenyewe. Mzee Laurenti aliposikia alisema nimekuwa jasiri kuliko akili yangu, lakini siku yenyewe alifika wa kwanza, amevaa koti la kanisani.

Wajumbe walikuja na bajaji tatu. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi jioni, vijana wa bodaboda walikuwa wanacheza mpira upande wa juu. Mwenyekiti akawaomba wasimame kidogo, wakakaa kwenye nyasi kavu na chupa zao za maji. Watu wa jirani wakajaa. Mimi nilikuwa nahesabu miche yangu kwa macho, mmoja mmoja, na kila mmoja niliuona mwembamba kama njiti.

Ng'ombe wakatokea juu. Masanja akapiga mluzi mrefu unaoshuka, kundi likajikunja, Bibi akaingia kati ya mistari ya chokaa. Wakaja. Ulisikia kwato na pumzi tu. Walipofika katikati, mpira wa vijana ulioachwa kwenye mteremko ukaanza kuviringika wenyewe, polepole, moja kwa moja kuelekea kwenye kundi. Ulimgonga fahali mmoja mguuni. Fahali akaruka, akainua kichwa, na mshtuko ukapita kwenye migongo yote kama upepo kwenye mtama. Mjumbe mmoja akaanza kurudi nyuma. Nilijua imekwisha.

Masanja hakukimbia, hakupiga kelele. Alianza kuimba. Sauti ya chini, ya kizee, isiyo nzuri hata kidogo, Kisukuma ambacho sikukielewa. Kabula aliyekuwa karibu yangu aliniambia anawatajia majina. Alikuwa anawaita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake na jina la mama yake. Na mmoja baada ya mwingine waliteremsha vichwa. Fahali akapumua kwa nguvu, akamfuata aliye mbele yake. Wakapita. Wakashuka mpaka majini.

Tulikagua miche, mimi, mwenyekiti na Mzee Laurenti, tukiwa tumeinama kama watu wanaotafuta sindano. Hakuna uliovunjika. Mmoja ulikuwa na ute wa ng'ombe kwenye jani. Mwenyekiti alivua kofia yake, akaangalia kule bondeni, akasema kamati haina haja ya kurudi ofisini kupiga kura. Njia ikabaki.

Tuliandika saa za ng'ombe kupita kwenye kibao, na hicho kibao watu walikisoma bila kucheka. Wasichana wa mpira wa pete walipanga mazoezi yao yasigongane na Bibi. Mvua zilipokuja, bustani nzima ikawa matope, na nilishuhudia kina mama waendao sokoni, watoto wa shule, hata mchungaji na Biblia yake, wote wakipita kwenye ule mgongo wa changarawe, wakikwepa samadi. Miti ya pembeni ya njia ikaipita mingine yote kwa urefu. Mzee Laurenti alidai ni samadi. Mimi nadhani ni samadi na kitu kingine, lakini kwenye taarifa niliandika samadi.

Nyie mnapenda kuuliza usimamizi ni nini, maana mmeusomea. Mimi sikuusomea. Ila nawaambia neno kusimamia limetokana na kusimama. Simama kwanza. Mtu anayefika eneo akiwa na waya mkononi hajasimamia kitu. Na usidhani anayejua eneo lako ni yule mwenye faili. Anaweza kuwa bibi wa dagaa. Anaweza kuwa na kwato.

Mji ukakua, hamkuwepo nyie, au mlikuwa wadogo. Nyumba zikateremka mpaka karibu na kijito, magari yakaongezeka, watoto wakawa wengi njiani. Ikafika mahali hata mimi mwenyewe nikaona ni hatari. Wakubwa wakaamua mifugo mikubwa isipite tena kati ya makazi. Ulikuwa uamuzi wa haki, na uliniuma. Barua ingeweza kupelekwa na tarishi. Niliichukua mwenyewe.

Masanja alikuwa amezeeka sana, jicho moja limeshaingia ukungu. Kabula alimsomea barua. Mzee akauliza kama imeandikwa kwa hasira. Nikamwambia hapana. Akasema basi ni sawa, hata yeye ameona watoto walivyojaa, watahamia kwa mwanawe mkubwa kule mbali ambako bado kuna nafasi. Akasema kesho jioni ataipita njia kwa mara ya mwisho, na ana ombi. Bibi alishakufa mwaka uliopita, na bintiye aliyeshika nafasi yake ana mimba nzito. Alitaka mimi ndiye nitangulie.

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakuwa anatania. Alisema hakuna ugumu. Natakiwa kutembea tu, mwendo wangu wa kawaida, nisikimbie na nisigeuke nyuma. Ukigeuka, alisema, wanaona umeogopa, nao wanatafuta unachokiogopa.

Basi kesho yake, mimi mwanamke wa makamo mwenye goti bovu na sare ya kazi, nilisimama juu ya bustani yangu nikiwa nimewapa mgongo ng'ombe zaidi ya mia. Nikasikia mluzi. Nikaanza kutembea. Ardhi ilitetemeka kwenye nyayo, ikapanda mpaka kwenye meno. Pumzi ya aliye nyuma yangu ilinipiga shingoni, ya moto, ina harufu ya majani na maziwa. Kila kiungo cha mwili wangu kiliniambia nikimbie. Nikapita kati ya miti niliyoipanda, sasa mirefu kuliko nyumba, watu wamesimama pande zote mbili, wengine wameinua simu zao na wamesahau kubonyeza. Nyuma yangu, mbali, nilisikia sauti ya kizee ikiimba majina. Nilitembea, sikugeuka. Machozi yalinitoka bila mimi kujua yanalilia nini.

Nilifika majini nikasimama, maana sikuambiwa cha kufanya baada ya hapo. Na wao hawakusimama. Waligawanyika. Walinipita kulia na kushoto, mbavu zao ziko karibu kiasi kwamba nilihisi joto lake, wakaingia kwenye kijito na kuinamisha vichwa. Masanja akafika, akaegemea fimbo yake, akaniambia, "Umewafikisha, mayu."

Nilikuwa nimesimama katikati yao wote, wanakunywa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenigusa.